Nani Alikuwa Zamu

Bi Genoveva hapokei simu kwa "haloo" kama sie wengine. Hutaja jina la mtaa wetu huku Mbagala, "Charambe, nikusaidie?" na hapo hapo sauti yake inaacha kuwa ya bibi wa miaka sabini na moja mwenye magoti mabovu. Inanyooka kama shati lililopigwa pasi. Miaka ishirini na nne alikuwa opereta wa simu. Alikaa mbele ya swichibodi, kwanza Lindi kisha hapa Dar, hedifoni kichwani, akichomeka waya huu na kuchomoa ule ili mtu wa Mtwara asikilizane na mtu wa Mwanza. Mpaka leo ukimwita akiwa na shughuli atakujibu, "Subiri, usikate."

Mie ni jirani yake, naitwa Yasmini, mtu wa Kilwa. Ukuta wetu wa uani ni mmoja. Nauza nguo za watoto sokoni Rangi Tatu, natoka asubuhi narudi jioni, na kwa miaka sita sasa binti yangu Somoe akitoka shule anafikia kwa Bi Genoveva. Anakula hapo, anabadilisha sare hapo, anafanya kazi za shule kwenye kile kibaraza chao. Sijawahi kuombwa chochote. Ukimpelekea hata fungu la nyanya anakuuliza, "Nani kakutuma?"

Alikuja kuishi kwa binti yake Jenipher baada ya kufiwa na mume wake, Mzee Sebastian, aliyekuwa fundi cherehani. Jenipher wakati huo ana mimba kubwa. Mtoto alipozaliwa akapewa jina la babu yake, na kwa desturi zetu mambo yakawa yameisha: huyo ndiye mume. Tangu Seba yuko mgongoni, Bi Genoveva alikuwa akimwita mume wangu. Mtoto alipojua kusema, akaushika utani vizuri kuliko tulivyotarajia. Anaingia kutoka shule, anatupa begi, anapaza sauti:

"Mke wangu, chakula kiko wapi?"

"Sijapika. Nimegoma. Tangu unioe hujaniletea hata khanga."

"Nitakuletea kesho."

"Kesho yako naijua."

Mie upande wa pili wa ukuta nafua nguo, nacheka peke yangu. Ilikuwa hivyo karibu kila siku, miaka na miaka.

Basi mwaka jana, likizo ya Juni, Seba akiwa na miaka tisa, Bi Genoveva akamwita kama kawaida, "Mume wangu, njoo unitungie uzi kwenye sindano." Mtoto hakuja. Akasimama mlangoni, kaangalia chini, akasema kwa sauti ndogo:

"Bibi, usiniite hivyo."

Bi Genoveva akacheka, akidhani ni sehemu ya mchezo. "Unaniacha? Umepata mwingine?"

Seba akaanza kulia. Hakulia kwa kelele, ni machozi tu yanashuka. Akatoka nje akakaa nyuma ya tanki la maji.

Bi Genoveva alinieleza jioni ile ile, akiegemea ukuta. Alidhani watoto wa mtaani wamemcheka. Jenipher aliporudi kutoka kiwandani akasema, "Mama, anakua tu huyo." Lakini Bi Genoveva aliona mengine. Seba alikuwa hataki tena kusuguliwa mgongo akioga. Alikuwa akikaa mkekani na bibi yake, anaacha nafasi katikati, kama kuna mtu wa tatu asiyeonekana.

"Nimemkosea kitu, Yasmini," aliniambia. "Ila sijui nini."

Sasa kuna kitu kimoja kuhusu mtu aliyefanya kazi ya kusikiliza. Macho ya Bi Genoveva yamefifia, lakini masikio yapo vilevile. Kila siku baada ya chakula Seba aliruhusiwa nusu saa ya kucheza kwenye simu ya bibi yake. Ulikuwa mchezo wa bure unaitwa Hesabu za Sungura: unajumlisha karoti, sungura anakula, wimbo unaimba kwa Kiswahili. Hata mwalimu wao aliusifia kwenye kikao cha wazazi. Nusu ya simu za mtaa wetu zilikuwa nao, ya kwangu ikiwemo.

Siku ya tatu ya ule ukimya, Bi Genoveva akiwa anachambua mchele, akasikia mpangilio. Wimbo unaimba. Wimbo unakatika. Kisha kishindo kidogo, tap, kama simu imelazwa kifudifudi juu ya mkeka. Kimya. Wimbo unarudi. Baada ya dakika chache tena: wimbo unakatika, tap, kimya. Akaweka ungo chini, akasogea pole pole na magoti yake, akamkuta Seba kafumba macho, mkono umekandamiza mgongo wa simu, anahesabu mdomoni. Kumi na moja. Kumi na mbili.

"Nipe," alisema Bi Genoveva.

Aligeuza simu akaona. Sitaandika alichoona, na yeye mwenyewe hakunieleza zaidi ya maneno matatu. Lilikuwa tangazo la watu wazima, na lilikuwa katikati ya karoti na sungura.

"Sikufungua mie, bibi," Seba alisema, bado kafumba macho. "Inakuja yenyewe. Nageuzaga mpaka wimbo urudi."

Bi Genoveva aliniambia kwamba hapo alitamani mambo mawili kwa pamoja, kuivunja ile simu na kumkumbatia mtoto, na alijua lolote kati ya hayo lingemtisha. Kwa hiyo akakaa. Akakaa mkekani, mbali kidogo, kwenye ile nafasi Seba aliyokuwa akiiacha.

"Umefanya vizuri kugeuza," akamwambia. "Mtu mzima asingefanya vizuri kuliko hivyo."

Mtoto akafumbua macho.

"Bibi, mume na mke ndio wanafanyaga vile?"

Hapo ndipo akaelewa kila kitu, na anasema moyo ulimwuma kuliko siku ya msiba.

"Wale si mume na mke, Seba. Wale ni watu wamepigwa picha, na kuna mtu mwingine mahali kaamua kuiweka mbele ya macho yako. Mie nikikuita mume wangu, ni utani wa bibi na mjukuu. Maana yake nakupenda na namkumbuka babu yako. Hakuna kingine ndani yake. Lakini kama neno hilo linakuchoma, naliacha leo."

"Liache," alisema Seba.

"Nimeliacha."

Kisha akamsimulia jambo ambalo hata Jenipher alikuwa halijui. Kwamba alipoanza kazi Lindi, binti wa miaka ishirini na moja, kuna mwanamume alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, na Bi Genoveva akichomeka tu waya, yule mtu anamwaga matusi ya aibu masikioni mwake. Akawa hasemi kwa mtu. Akawa anaosha masikio kwa sabuni akirudi nyumbani. Mpaka msimamizi wao, Mama Anastasia, akamkuta analia chooni, akamkalisha chini, akamwambia kosa si lake, halafu wakaandika siku, saa na namba, wakapeleka kwa wakubwa, na yule mtu akakatiwa laini.

"Na wewe uliosha masikio?" Seba aliuliza.

"Mpaka yakatoka vidonda."

Seba akasogea kidogo. Hakumgusa, lakini alisogea.

Jioni Jenipher alipoambiwa, alikaa kitini na viatu vyake vya kazi bila kuvivua. Akaufuta ule mchezo kwenye simu. "Basi, yameisha," akasema.

"Kwetu yameisha," mama yake akajibu. "Kwa Yasmini je?"

Asubuhi Bi Genoveva akagonga kwangu kabla sijatoka kwenda sokoni. Akanieleza yote kwa utaratibu, kisha akauliza, "Somoe naye anao huu mchezo?"

Niligeuka nikatazama ndani, alikolala Somoe. Nikabaki natazama huko hata yeye akasema, "Yasmini, umekata?"

Mwezi wa nne, miezi miwili kabla ya hapo, nilimkuta Somoe na simu yangu, na kwenye kioo kuna yale yale. Sikumuuliza chochote. Nilichukua ndala. Nilimpiga mtoto wa miaka kumi mpaka akajikojolea, huku namuuliza kajifunza wapi kitu kile, na kila alipofungua mdomo kujibu nilimpiga tena. Sikumwambia mtu. Hata mume wangu Nurdin nilimwambia tu mtoto kafanya utovu wa adabu.

Nilimweleza Bi Genoveva pale mlangoni. Nilidhani atanigombeza. Akanishika mkono, akasema, "Nenda kamwombe radhi."

"Nimwombe radhi mtoto, mama?"

"Ndiyo. Kabla hujaenda sokoni."

Somoe alikuwa bado kitandani. Nikakaa pembeni yake, nikasema nilivyoweza, na sikusema vizuri. Alinisikiliza, shuka mpaka kidevuni. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikuwa na makosa?" Nikamwambia hukuwa nayo. Akageukia ukutani. Sikwenda sokoni siku hiyo.

Bi Genoveva sasa akaanza kazi. Akamrudisha sungura kwenye simu, Seba hayupo, katumwa nje kucheza, na yeye mwenyewe akawa anacheza. Wiki nzima, bibi na miwani yake, anajumlisha karoti, daftari la kurasa sitini pembeni. Sungura wake walishiba kuliko wa mtoto yeyote Mbagala. Kila tangazo lilipotokea aliandika kama zamani: Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, raundi ya nne. Alhamisi, saa nane na nusu, raundi ya saba. Siku nyingine yalikuja matangazo ya sabuni tu. Nayo akayaandika, asije akaambiwa anasema uongo.

Jenipher akapeleka malalamiko kupitia kitufe cha ndani ya mchezo. Mchezo ni wa Kiswahili, ila orodha ya malalamiko yote ni ya Kiingereza. Akachagua alichoelewa. Jibu likaja papo hapo, na picha ya sungura anacheka: "Asante kwa kucheza nasi!"

"Hawa nitawaona kwa macho," alisema Bi Genoveva.

Kampuni inaitwa Chekele, na ofisi zake ziko Kijitonyama, ghorofa ya tatu. Nilimsindikiza kwa sababu ya magoti. Ngazi zilituchukua robo saa, na kila akifika kwenye kona anasimama, anapumua, anasema, "Subiri, usikate," sijui ananiambia mie au anajiambia mwenyewe.

Mapokezi alikuwepo binti mpole anaitwa Gladness. Akatuambia malalamiko yanatumwa kwa barua pepe. Bi Genoveva akamshukuru, akakaa. Saa moja. Saa ya pili Gladness akatuletea maji, kisha akaingia ndani, akatoka na kijana mwenye shati jeupe, Benson, mkuu wa matangazo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akafungua daftari. "Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili mchana. Nani alikuwa zamu?"

Benson akatabasamu kwa heshima. "Mama, siku hizi hakuna mtu wa zamu. Matangazo yanatoka kampuni ya nje. Mtambo ndio unachagua nani aone nini."

"Mtambo nimekaa nao miaka ishirini na nne. Hauchagui kitu. Kuna mtu anachomeka waya."

"Si rahisi kihivyo, mama."

"Sijasema ni rahisi. Nimeuliza nani."

Benson akaanza kueleza vichujio na mikataba. Bi Genoveva akamwacha amalize, kisha akatoa simu, akaufungua mchezo, akaongeza sauti, akamkabidhi. "Cheza. Nami nakaa hapa."

Nadhani alicheza ili tuondoke. Raundi ya kwanza, ya pili, wimbo unaimba pale mapokezi na watu wanapita. Raundi ya tatu, tangazo la unga. Benson akamwangalia kama anasema, unaona? Raundi ya tano wimbo ukakatika.

Aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza, haraka, na kuifunika kwa kiganja. Masikio yalimwiva. Gladness akageukia dirishani.

"Hivyo hivyo," alisema Bi Genoveva taratibu. "Mjukuu wangu naye anafanya hivyo hivyo. Ana miaka tisa. Anahesabu mpaka kumi na tano ndipo anafungua macho."

Akalifunga daftari.

"Nilikuwa na jina namwitia, la utani wetu. Siwezi kuliita tena. Hilo sikudai, huna pa kulitoa. Ninachotaka ni mtu. Mwenye jina, mwenye namba, anayejua Kiswahili, ambaye mama wa Mbagala akimpigia anapokea. Na haya matangazo muyatoe kwenye mchezo wa watoto. Kama hamjui kinachopita kwenye laini yenu, ifungeni mpaka mjue."

"Nitalifikisha, mama," alisema Benson, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Utalifikisha kwa nani? Niandikie jina."

Akaandika.

Ningependa kusema siku ya pili mambo yakawa sawa. Haikuwa hivyo. Tuliporudi wiki iliyofuata Benson alikuwa na kikao. Wiki ya tatu mlinzi alituzuia chini, na Bi Genoveva akakaa kwenye benchi la mlinzi mpaka saa kumi, wakaishia kuzungumza habari za Ndanda, kumbe wote wanatoka huko. Huku mtaani akapita nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo palikuwa na kazi ngumu kuliko zile ngazi, maana akina mama hawasemi. Alikuwa anaanza na neno moja: "Mtoto wako hakufungua. Ilikuja yenyewe." Wengine walifunga mlango. Mmoja alimwambia bibi mzima haoni haya kutembeza uchafu. Nurdin, mume wangu, alisema tunaanika aibu za nyumba zetu, na hakuweka sahihi kwenye barua ya malalamiko tuliyoandika. Mie niliweka. Tulikuwa kumi na nne mwishoni, kila mmoja na siku yake na saa yake.

Barua ile Jenipher aliichapa, nakala moja ikaenda Chekele na nyingine kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya mitandao. Huko tulipokelewa na kijana aliyesoma mpaka mwisho, akagonga muhuri, akasema tusubiri. Tukasubiri wiki saba. Mwezi wa tisa Benson akapiga simu. Kampuni imeitwa kujieleza, alisema, na matangazo yote yameondolewa kwenye mchezo wa watoto. Na kuna namba. Kisha akasema, "Mama, nilipaswa kuyaondoa siku ile ile uliyokuja."

"Ndiyo," Bi Genoveva akamjibu. "Ulipaswa."

Ile kampuni ya nje, iliyokuwa inayaleta matangazo yenyewe, haijajibu mpaka leo. Jenipher amewaandikia mara tatu. Bi Genoveva ameanza daftari la pili, na akina mama wa Kiwalani wamemletea mchezo mwingine, wa kampuni nyingine, wenye ugonjwa ule ule. Anawafundisha kuandika saa.

Namba ya Chekele anaipokea Gladness. Bi Genoveva huipiga kila Jumatatu kuijaribu, na nimemsikia akimrekebisha. "Ukisema subiri, mwanangu, usikae kimya. Mtu upande wa pili anaona umemwacha. Mwambie nipo, natafuta."

Utani haukurudi. Anamwita Seba, na Seba anamwita bibi, kama nyumba nyingine zote. Siku za mwanzo nilikuwa nikisikia anaanza, "Mum..." anajizuia, anakohoa. Siku hizi hakohoi tena. Mtoto anakaa karibu naye mkekani, mguu juu ya mguu, na mgongo anausugua mwenyewe kwa sababu, anasema, yuko darasa la nne sasa.

Jumapili iliyopita nilikuwa uani kwao, mimi na Bi Genoveva tunamenya mihogo. Seba akatoka ndani, akasimama, akarudi, akatoka tena.

"Bibi, kuna kitu kuna mtu kanionyesha shuleni kwenye simu ya kaka yake. Nataka kukuambia, ila usiniangalie."

Nikainuka, nikachukua ndoo yangu. Bi Genoveva akageuka akatazama ukuta, kisu mkononi, mhogo nusu umemenywa.

"Sikuangalii," alisema. "Sema taratibu. Nipo."

Nikiwa naingia kwangu nilimsikia mtoto anaanza kueleza.